Deadwood, na watazamaji waliokimbia matusi

Mwalimu mwenzangu alinirudishia flashi siku ya pili asubuhi, kabla hata ya kengele ya kwanza kugongwa. Nilikuwa nimemwekea msimu wote wa kwanza wa tamthilia ya Deadwood, sehemu kumi na mbili, na nilikuwa nimemwomba avumilie angalau nne kabla ya kutoa hukumu. Alivumilia dakika kumi na tano. "Mwalimu," aliniambia huku akiishika flashi kwa ncha za vidole kana kwamba imedondokea kwenye mafuta ya taa, "mimi nina watoto nyumbani."

Sikuwa na la kumjibu, kwa maana alilosema ni kweli. Deadwood inatukana. Haitukani kama filamu nyingine zinavyotukana, neno moja hapa na jingine pale ili ionekane kuwa ni ya watu wazima, bali inatukana kwa mfululizo, matusi ya nguoni yakitoka vinywani mwa wanaume na wanawake, wagonjwa na wazima, asubuhi kabla ya chai na usiku mbele ya maiti. Kila ninapoisifu tamthilia hii mbele ya watu, mazungumzo hufika hapo na kukwama hapo. Nimeitazama yote mara tatu sasa, na kwa kadiri ninavyozidi kuitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba waliokimbia matusi walikimbia kitu chenyewe ambacho tamthilia imekuja kukisema. Nitaeleza ninavyoiona, na pia nitasema ni lawama ipi ya watazamaji ambayo mimi mwenyewe nimeshindwa kuijibu. Ambaye hajaitazama ajue mapema kwamba sitaficha mwisho.

Deadwood iliandaliwa na David Milch na kurushwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia Machi 2004 hadi Agosti 2006, misimu mitatu yenye sehemu 36, kisha ikafuatiwa na filamu moja mwaka 2019. Inahusu kambi ya wachimba dhahabu iliyokuwepo kweli katika milima ya Black Hills, eneo la Dakota, mwaka 1876. Jambo moja la kihistoria linabeba hadithi nzima, na watazamaji wengi hulipita bila kulitilia maanani: kambi ile ilikuwa haramu. Kwa mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868, serikali ya Marekani ilikuwa imekubali kwamba ardhi ile ni ya Walakota, wenyeji wa asili wa pale. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ulioongozwa na Custer ukarudi na habari ya dhahabu, na watu wakamiminika milimani bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote. Kwa hiyo anayeingia Deadwood anaingia mahali pasipo mahakama, pasipo polisi, pasipo hati ya kiwanja, na akidhulumiwa hana pa kushtaki, kwa sababu hata kusimama kwake pale ni kosa.

Sasa katika mahali kama hapo, mtu ana nini cha kumlinda? Ana bastola, ndiyo, lakini bastola kila mmoja anayo. Kinachobaki ni kinywa. Mkataba ni neno ulilolisema mbele ya mashahidi waliolewa. Hati ya kiwanja ni sauti ya mtu anayesimama na kusema "hapa ni pangu" kwa namna ambayo mwenzake ataona heri apite kando. Milch alipoulizwa kuhusu matusi, na aliulizwa mno, alieleza kuwa lugha chafu katika kambi zile ilikuwa namna ya kutangaza kwamba mtu yuko tayari kupigana, ili asilazimike kupigana kila saa. Kuhusu maneno yenyewe alisema kuwa kufuru za wakati ule, ambazo nyingi ziliegemea dini, zingewachekesha watazamaji wa leo badala ya kuwatisha, ndiyo maana akatumia matusi ya kisasa. Mtu anaweza kulikataa jibu hilo. Mimi nalikubali, ila naona liliishia njiani, kwa sababu matusi ni sehemu ndogo tu ya kazi inayofanywa na vinywa katika hadithi hii.

Tazama tukio la kwanza kabisa, ambalo mwalimu mwenzangu alikuwa amekwisha kuliona alipokata tamaa. Tuko Montana. Seth Bullock, askari wa pale ambaye baadaye atahamia Deadwood, anamlinda mwizi wa farasi aliyehukumiwa kunyongwa, na nje wamekuja watu wenye silaha wanaotaka kumchukua wamuue wenyewe. Bullock anaamua kumnyonga hapohapo, usiku uleule, ili kifo chake kiwe cha kisheria. Kabla ya hapo anahakikisha maneno ya mwisho ya yule mtu yanaandikwa kwenye karatasi ili yafike kwa jamaa zake. Kamba ni fupi na anguko ni dogo, kwa hiyo Bullock anamkumbatia yule mtu kwa nguvu na kumvuta chini mpaka shingo ivunjike. Watazamaji wanaoichukia tamthilia hii hukumbuka shingo. Mimi hukumbuka ile karatasi.

Au chukua kikao cha ndui, ambacho kwangu ndicho kiini cha msimu wa kwanza. Ugonjwa umeingia kambini, na Al Swearengen, mwenye kilabu na danguro liitwalo Gem, muuaji asiyehesabu, anawaita wakubwa wa kambi wakae mezani pake. Yuko daktari, yuko mwenye gazeti, wako wafanyabiashara, yuko hasimu wake mwenye kilabu kipya ng'ambo ya barabara. Mmoja wa vijana wa Swearengen, bila kuagizwa na mtu, amefungua makopo ya pichi na kuziweka mezani. Wanakubaliana kutuma wapanda farasi wakatafute chanjo, wanakubaliana mahali pa hema la wagonjwa, kisha wanaanza kubishana juu ya neno: tangazo la gazeti liseme vipi kwamba chanjo hailipiwi, na je, ni makosa ya lugha kulitaja jambo hilo mara mbili? Hiyo ndiyo serikali ya kwanza ya Deadwood. Hakuna aliyeapishwa, hakuna aliyechaguliwa, na ajenda yao ya mwisho ni ya sarufi. Tangu siku hiyo kila kikao kikiitishwa, pichi za kopo zinatokea mezani, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kundi la pili la watazamaji niliobishana nao ni wale waliolelewa na sinema za kauboi za zamani. Hao hawasumbuliwi na matusi bali na staringi. Sisi sote tuliokaa kwenye mabenchi ya vibanda vya video tunaijua sheria: staringi hafi, na kama atakufa basi si kabla adui hajafa. Deadwood inakuletea Wild Bill Hickok, mtu wa historia, mwenye nywele ndefu na bastola mbili kiunoni, akiigizwa na Keith Carradine kwa uchovu wa mtu aliyechoshwa na jina lake mwenyewe, anakukaa moyoni, kisha katika sehemu ya nne anapigwa risasi kisogoni akicheza karata. Jamaa mmoja aliniambia alizima hapohapo kwa hasira. Nilimweleza kwamba Milch hakuwa na uamuzi, kwani Hickok halisi aliuawa hivyohivyo tarehe 2 Agosti 1876. Akanijibu kwamba historia ni historia na sinema ni sinema.

Alikosa kuona kilichofuata, ambacho ni kizuri kuliko mapambano yoyote ya bastola. Muuaji, Jack McCall, anashtakiwa mbele ya baraza la wachimbaji ndani ya Gem, na Swearengen anamnong'oneza mwendesha kesi kwamba kambi ikijifanya dola yenye haki ya kunyonga watu, wakubwa wa Washington watakasirika na kuwafukuza wote. McCall anaachiwa. Historia ikaja kuliweka jambo hilo wazi zaidi: McCall halisi alikamatwa tena, akashtakiwa Yankton, makao makuu ya eneo la Dakota, kwa kosa lilelile, na utetezi kwamba alikwisha kuachiwa haukumfaa kitu, kwa sababu mahakama ya Deadwood haikuwa mahakama. Alinyongwa tarehe 1 Machi 1877.

Kuhusu ugumu wa lugha nitasema kwa ufupi, maana lawama hiyo ni ya haki na dawa yake ni kuwasha maandishi ya chini. Wahusika hawa huzungumza Kiingereza kirefu chenye mikunjo, kama cha mtu aliyesoma Biblia na magazeti ya zamani peke yake, na tusi huketi katikati ya sentensi ambayo vinginevyo ingeweza kusomwa mimbarani. Mbaya zaidi ni E. B. Farnum, mwenye hoteli, ambaye hujisemea peke yake akisugua sakafu, sentensi ndani ya sentensi. Nimejaribu kuwaza wale mabingwa wetu waliokuwa wakitafsiri filamu za kigeni kwa sauti juu ya picha wangemfanyaje Farnum. Nadhani wangesema, "Hapo huyu mzee analalamika," wakaendelea.

Nami nilifanya kazi ya namna hiyo, kwa mtazamaji mmoja. Mjomba wangu alichimba dhahabu katika machimbo ya Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya miaka kumi, akatoka na kifua kibovu na hadithi nyingi, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Alipokuja kukaa kwangu kwa matibabu, tulikuwa tukitazama sehemu moja kila usiku baada ya chakula, nami nikimtafsiria. Matusi nilikuwa nikiyaruka kwa heshima. Usiku wa pili alinigeukia: "Mjomba, huyu amesema maneno kumi, wewe unaniambia matatu. Usinifiche. Kwenye rashi hakuna anayesema tafadhali." Rashi ni mahali watu walipomiminikia dhahabu.

Maoni yake yalikuwa tofauti na ya wote niliowasikia, na baadhi yalinifungua macho. Hakujali staringi. Jambo la kwanza alilolipenda ni jinsi Swearengen na Farnum wanavyomlaghai Brom Garret, tajiri mgeni kutoka New York, wakamuuzia eneo la kuchimba kwa dola 20,000 wakiamini halina kitu, kisha ikagundulika kuwa limejaa dhahabu na wao ndio waliojilaghai. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kumuuzia mgeni duara, yaani shimo la kuchimbia, lisilo na mawe ya dhahabu, alisema, ni mchezo wa kila rashi, na kila rashi ina mzee anayeonyeshwa kwa kidole kwamba yule ndiye aliyeliuza duara la bahati kwa bei ya baiskeli. Alipoona namna mwenye hoteli, mwenye kilabu na mwenye duka la vifaa wanavyonenepa huku wachimbaji wakibaki na matope, alitikisa kichwa tu. Kisha akatoa lawama ambayo sikuwa nimeiwaza: "Mbona hawachimbi?"

Ni kweli, hawachimbi. Katika tamthilia yenye sehemu 36 kuhusu mji wa dhahabu, unaona karai la kuchekechea mchanga mara chache sana, na mgodi wenyewe unausikia zaidi kuliko kuuona. Nilimtetea Milch kwa kusema kuwa hadithi yake inahusu biashara na utawala, si jasho. Mjomba hakukubali. Alisema anayetaka kuonyesha machimbo na asionyeshe mtu akishuka shimoni bila kujua kama matimba, ile miti ya kuzuia shimo lisiporomoke, yatashika, huyo ameonyesha baa. Msimu wa tatu ulipofika na George Hearst, tajiri wa migodi, akaanza kununua kila kitu, na wachimbaji waliothubutu kutaja umoja wa wafanyakazi wakaanza kukutwa wamekufa, mjomba alinyamaza kabisa na hakunitaka nimtafsirie. Hearst naye ni mtu wa historia: mwaka 1877 alinunua, pamoja na wenzake, eneo la Homestake karibu na Deadwood, na mgodi ule ulichimbwa mpaka mwaka 2002.

Hearst ndiye anayeithibitisha hoja yangu ya vinywa kwa kuivunja. Wengine wote kambini hubishana, hupatana, hutukanana na kurudi mezani kwenye pichi. Yeye hana haja ya kumshawishi mtu. Amekuja na askari wa kukodiwa na fedha isiyo na mwisho, na maneno ya wenzake anayasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Ndiyo maana Swearengen, ambaye tangu mwanzo tunamwogopa, anaanza kuonekana kama wetu.

Hapa nafika kwenye lawama nisiyoweza kuijibu. Kama katika Deadwood kinywa ndicho sheria, basi inafaa kuuliza ni nani aliyepewa kinywa. Walakota, wenye ardhi, hawana. Mmoja anatokea katika msimu wa kwanza, anapigana na Bullock njiani pigano la kikatili na la kimya, anauawa, na baadaye Bullock anamlaza juu ya jukwaa la miti kwa desturi ya watu wake. Mwingine ni kichwa. Swearengen alitangaza zawadi ya dola 50 kwa kila kichwa cha Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa wenyeji hao, mtu mmoja akaleta kimoja, na kichwa hicho kikabaki ofisini ndani ya sanduku, na Swearengen akawa anazungumza nacho usiku anapotaka kuwaza kwa sauti. Matukio hayo yameandikwa kwa ustadi, yanachekesha na kutisha kwa pamoja. Lakini ukihesabu, mwenye ardhi aliyekaa muda mrefu kuliko wote mbele ya kamera ni kichwa kilichokatwa, kinachosikiliza. Na wale wenye ardhi hawakuwa watu wa kale waliokwisha: mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Black Hills ilichukuliwa kinyume cha haki na kwamba walipwe zaidi ya dola milioni 100, nao wakazikataa fedha, wakisema wanataka milima yao. Watetezi wa tamthilia husema huo ukimya umewekwa makusudi ili utuumize. Huenda. Mimi sikuumia mpaka nilipotazama mara ya tatu, na nadhani kitu kilichokusudiwa kuumiza hakipaswi kusubiri muda wote huo.

Bwana Wu, mkuu wa Wachina wa kambi, ana hali ya katikati. Kiingereza chake ni tusi moja, jina la Swearengen analolitamka kwa namna yake, na mengine ya kuokoteza. Wazungu wawili wamemuua mjumbe wake na kuiba kasumba, naye anaingia kwa Swearengen kushtaki. Anachukua karatasi na kuchora watu: huyu, huyu, na huyu aliyekufa. Tusi lake moja linakuwa swali, linakuwa jina, linakuwa kilio, linakuwa madai ya damu, na Swearengen anamjibu kwa tusi hilohilo hadi wanaelewana kabisa. Ningekuwa na sehemu moja tu ya kumwonyesha mwalimu mwenzangu, ingekuwa hiyo, kwa sababu hapo ataona neno chafu likifanya kazi ya wakili.

Watazamaji wengi humpenda Swearengen, nami simo nje yao. Ian McShane anamwigiza kwa namna ambayo ukimchukia dakika hii, dakika ijayo unangoja aseme tena. Mwishoni mwa msimu wa kwanza yuko Mchungaji Smith, mtu mpole anayekufa polepole kwa uvimbe wa ubongo, asiyemhisi tena Mungu wake. Daktari amepiga magoti akimfokea Mungu amwondolee yule mtu mateso. Anayemwondolea ni Swearengen, kwa kitambaa usoni, taratibu, akizungumza naye kwa sauti ya ndugu. Baada ya tukio hilo watu husema, "Kumbe ana moyo." Mjomba alisema hivyohivyo.

Kisha unakuja mwisho wa mwaka 2006, ambao haukupangwa kuwa mwisho. HBO haikuendelea na msimu wa nne, zikaahidiwa filamu mbili ambazo hazikutokea, na watazamaji wakakaa miaka 13 mpaka ilipokuja filamu ya 2019, ambayo hadithi yake inatokea mwaka 1889. Ni filamu ya kuagana, ina machozi yake, na mimi huitazama kwa shukrani bila kuihesabu sana. Mwisho ulio kichwani mwangu ni ule wa kwanza. Trixie, mwanamke aliyekuwa wa danguro la Gem, amempiga Hearst risasi bila kumuua. Hearst anataka aione maiti yake, la sivyo kambi itateketezwa. Swearengen, anayempenda Trixie kwa namna yake, anamchinja msichana mwingine wa danguro anayefanana naye, jina lake Jen, na Hearst anapita mbele ya jeneza na kuridhika. Kijana wake Johnny, aliyempenda Jen, anakuja kuuliza kama aliteseka. Swearengen yuko magotini na brashi na ndoo, anasugua damu sakafuni, na kwa mara ya kwanza katika sehemu 36 mtu huyu mwenye neno kwa kila jambo hana la kusema ila sentensi fupi ya kumfukuza kijana. Kisha, akiwa peke yake, anaguna kwamba kijana alitaka aambiwe kitu kizuri.

Nilizima. Mjomba alikaa kimya muda, kisha akaniuliza Jen ni yupi, alitokea wapi. Nikamwonyesha: yule aliyekuwa akipita nyuma ya meza, yule wa kwenye ngazi. Akauliza aliwahi kusema nini. Nilitafuta kwa rimoti kwa karibu nusu saa, nikirudisha nyuma sehemu baada ya sehemu, na yeye akiwa amekwisha kusinzia kwenye kiti nilikuwa bado natafuta.